Hosta Haitakuja Kitengela, Lakini Jirani Yake Ni Wetu

Najua mlikuja hapa mkitarajia vichekesho vya matatu za Kitengela, na vitarudi, msiwe na wasiwasi. Leo naongea maua. Naongea pia kuhusu elfu kumi na mbili nilizokataa mwezi uliopita nikiwa na deni la kodi, juu hayo mambo mawili yameshikana na wengi wenu mmeniuliza kwa inboksi kama nimerogwa.

Kuna mmea unaitwa hosta. Kama simu yako hukuletea vidio za bustani za Marekani na Uingereza, umeuona hata kama hujui jina lake. Ni yale majani mapana yenye mistari, mengine kijani cha samawati, mengine yana ukingo mweupe kama yamepakwa rangi, yamejikusanya chini ya mti mkubwa mahali jua halifiki. Asili yake ni Japani, Korea na Uchina. Wazungu waliuchukua, wakaupenda hadi wakaunda maelfu ya aina. Kwa nini? Kwa sababu mtu mwenye nyumba kwao ana tatizo lile lile ulilonalo wewe kwa ploti: kuna kona ya kivuli ambayo hakuna kitu kinakubali kuota. Hosta inakubali. Halafu wakishaipanda wanaanza kubishana ni nini kikae kando yake. Kuna wa kangaga, ile mimea ya majani kama manyoya unayoiona kando ya mito. Kuna wa astilbe, kuna wa begonia. Na kuna kundi kubwa ambalo haliwezi kuishi bila ua moja dogo la waridi, jekundu au jeupe, linalochanua kivulini miezi na miezi. Hilo ua shikilia hapo, tutalirudia.

Sasa, duka moja la mimea linalouza kwa mtandao lilinitafuta. Jina sitaji na msiniulize. Walitaka vidio tatu. Wangeniletea hosta iliyokomaa tayari kwenye chungu, niiweke kwenye kale kabustani kangu, niseme nimekaa nayo mwaka mzima hapa Kitengela na inafanya poa, halafu nionyeshe mimea mingine mitano ya kuipanga nayo, yote kutoka kwao. Elfu kumi na mbili. Kodi yangu ni elfu sita na mia tano. Fanya hesabu mwenyewe.

Shida ni kwamba hosta hailali Kitengela. Simaanishi usingizi wa kuchoka. Huu mmea umezoea majira ya baridi kali. Majani yote hufa, mizizi inabaki chini ya udongo wa barafu kwa wiki nyingi, na ile baridi ndiyo huiambia ianze upya. Ukiinyima huo usingizi, mwaka wa kwanza utaona majani, mwaka wa pili madogo zaidi, halafu unabaki na chungu cha udongo. Julai hapa tunavaa majaketi, kweli, na asubuhi ukingoja matatu meno yanagongana, lakini hiyo kwa hosta ni baridi ya kuzungushia tu. Zaidi ya hiyo, majani yale mapana hupoteza maji mengi, na nyinyi mnajua maji ya hapa yanavyopatikana.

Kwa hivyo ningekuwa namwambia msee wa Githurai au wa Rongai au wa hapa Milimani atoe pesa yake kununua kitu kitakachokufa taratibu, akidhani ni yeye hana mkono wa kupanda. Hiyo ndiyo ilinishika. Mtu hupanda kitu kimoja maishani, kinakufa, anasema "mimi mimea hainipendi," na hajaribu tena.

Mathe hakuelewa. Nilimwambia kwa simu na akanyamaza kwanza, ile kunyamaza ambayo inakufanya uangalie kama simu imekatika. Halafu akasema, "Uliacha chuo ukaniambia utajitegemea na hiyo simu. Sasa simu imeleta pesa, unairudisha. Nikuelewe aje?"

Nilimjibu, "Mum, wananitaka niseme uongo."

Akasema, "Na mwenye nyumba ukimwambia ukweli atakula huo ukweli?"

Sikuwa na jibu na bado sina. Ako na haki ya kuuliza. Yeye ndiye aliuza ng'ombe nikaingia mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili karo ikakataa, nikatoka. Sijawahi kuandika juu ya hiyo hapa na leo pia nitaipita haraka. Nasema tu kwamba alikuwa na haki ya kukasirika, na mimi nilikuwa na haki ya kukataa, na zote mbili zilikuwa kweli siku moja.

Turudi kwa ua.

Lile ua dogo ambalo Wamarekani hupanda kando ya hosta linaitwa impashensi. Ukienda kwa vitalu vya barabarani, kuanzia vile vya Nairobi hadi hivi vyetu vya kando ya barabara ya Namanga, utalipata kwa mfuko mweusi wa plastiki, na wengi hudhani limetoka Uholanzi. Limetoka hapa. Porini linaota kwenye misitu yenye unyevu ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Jina lake la kitaalamu ni Impatiens walleriana. Impatiens maana yake ni asiye na subira, na ukitaka kujua sababu, subiri tunda lake likomae na kunenepa halafu uliguse kwa kidole. Linapasuka pap! na kurusha mbegu mbali. Mtoto wa jirani yangu amemaliza yote, sasa sina mbegu.

Hilo la pili, walleriana, ni la Horace Waller, mmisionari Mwingereza aliyekuja huku miaka ya 1860, rafiki ya Livingstone. Kama ulikuwa macho kwa somo la historia unakumbuka Chuma na Susi, wale walioubeba mwili wa Livingstone na wenzao alipofariki mwaka wa 1873, kutoka ndani kabisa ya bara hadi Bagamoyo. Mwaka uliofuata wawili hao walienda Uingereza, na huyo huyo Waller alipokuwa anaandaa shajara za mwisho za Livingstone zichapishwe, wao ndio walikaa naye wakamweleza mambo yalivyokuwa. Kwa hivyo kila mahali Ohio ambapo mama fulani anapanga ua letu kando ya hosta yake, kuna jina la Waller kwenye kile kijikaratasi. La Susi haliko.

Na kuna jingine. Mmea huo huo ulifika bustani ya Kew, London, kutoka Zanzibar, ukipelekwa na John Kirk aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza kule enzi za Sultani Barghash. Wakaupa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye wataalamu wakagundua ni kitu kimoja, jina la Sultani likaanguka, la mmisionari likabaki. Mimi hii stori niliisoma saa nane usiku na nikacheka peke yangu kwa giza, kwa sababu tokeni za stima zilikuwa zimeisha.

Sasa kabla hujakimbia kununua impashensi kwa ajili ya uzalendo, nisikilize. Kuwa wa Afrika Mashariki haimaanishi ni wa Kitengela. Huu ni mmea wa msitu wenye maji. Hapa unaishi, ndiyo, lakini kwa masharti. Mimi niko na vyungu kumi, na mwezi wa Januari kila kimoja kinataka karibu nusu lita kwa siku. Hizo ni lita tano, robo ya mtungi. Mtungi wa lita ishirini kwetu ni bob 20 mambo yakiwa sawa, kwa hivyo ni bob 5 kwa siku, 150 kwa mwezi. Kiangazi kikikaza mtungi unafika 40, hiyo ni 300. Utasema ni kidogo. Sawa, lakini jaribu kumwambia mtu wa nyumba ya pili, mwenye watoto watatu na mtungi mmoja, kwamba robo mtungi imeenda kwa maua. Ploti ina macho. Impashensi zangu hunywa maji niliyoosha mchele na maji ya mwisho ya kusuuza nguo, yale yasiyo na sabuni nyingi, na sijifichi nikizimwagia.

Acha nikuonyeshe kona yenyewe ndio uelewe. Nyuma ya nyumba yetu, kati ya ukuta wa jengo na ukuta wa ploti, kuna ukanda wa upana wa kama mita moja. Jua linaingia saa sita mchana, linachungulia, linaondoka. Kulikuwa na matairi mawili na choo kilichovunjika. Mwenye ploti alinikubalia nipatumie mradi nisizibe mfereji. Mwisho wa ukanda kuna mwarobaini ambao matawi yake yanatoka kwa jirani, na mizizi yake pia inatoka kwa jirani, na hiyo mizizi hunywa kila kitu. Kwa hivyo nina kivuli, na kivuli chenyewe ni kikavu. Hiyo ndiyo tofauti kati yangu na yule mama wa Ohio. Kivuli chake kina mvua.

Na udongo! Kama hujawahi kutembea Kitengela baada ya mvua, hujui uzito wa kiatu. Huu udongo mweusi ukilowa unavimba na kunata, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza simu. Ndiyo maana mtu akijenga hapa huanza kwa kuuchimba wote na kuujaza maram kabla ya msingi. Kwa mimea, tatizo si kwamba ni mbaya, una rutuba. Tatizo ni hewa. Ukilowa hewa inakwisha, mizizi inaoza. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 nilipoteza kila kitu kilichokuwa chini, vilivyokuwa kwa vyungu vikabaki. Tangu hapo sipandi chini. Nachanganya kiasi kidogo cha udongo mweusi, mchanga wa mto, na mbolea ya mbuzi iliyokaa. Mbolea ya mbuzi Kajiado si shida, hiyo ndiyo dhahabu yetu.

Basi ukiwa na kivuli kikavu, unaweka nini? Hapa ndipo Yeyo anaingia.

Niko na rafiki tuliyeanza chuo pamoja, yeye akaendelea. Kwao ni huko mbele ya mji wa Kajiado, ukielekea Bissil. Mama yake namwita Yeyo kama anavyomwita yeye, juu siku ya kwanza nilimwita "Mama" na akaniambia kwa upole, "Hapa mimi ni Yeyo." Nilikuwa nimeenda wikendi, na nikaanza kumwonyesha kwa simu sansevieria niliyotaka kununua, ile ya majani marefu yaliyosimama kama panga, ambayo madukani ya Nairobi inauzwa mia tano, mia nane, ikiwa kwa chungu cheupe hata elfu na zaidi. Yeyo akaangalia simu. Akaangalia nje. Akasema, "Hiyo si ni oldupai? Kwani mnanunua?"

Tukatoka. Nyuma ya boma, chini ya vichaka vya miiba, ilikuwa imejaa. Si ile ya dukani haswa, ni ndugu yake wa porini, majani manene yenye ncha kali, yamekaa kivulini kwenye ardhi ambayo hata nyasi zilikuwa zimekata tamaa. Oldupai. Ukisikia lile bonde la Tanzania ambapo akina Leakey walichimba mifupa ya watu wa kale, Olduvai, ni neno hilo hilo. Wageni walisikia vibaya wakaandika walivyosikia. Bonde lote limepewa jina la mmea ambao tunauweka kando ya televisheni.

"Huu haufi," Yeyo akaniambia. "Ule ukame uliomaliza ng'ombe, hii ilibaki imesimama tu."

Alimaanisha ule wa kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua tano zikakataa kwa kufuatana. Kama ulikuwa unapita barabara ya Namanga wakati huo unajua ulichokiona kando ya lami, sitakieleza.

Siri ya sansevieria ni kwamba mchana inafunga matundu ya majani yake na kuyafungua usiku, hewa ikiwa imepoa, kwa hivyo haipotezi maji ovyo. Jani lenyewe ni tangi. Nyuzi zake ni ngumu hadi Waingereza waliiita katani ya upinde, kwa sababu zilisokotwa kuwa nyuzi za pinde. Wataalamu siku hizi wameihamishia kwa ukoo wa draseina, lakini wauzaji hawajaambiwa, na mimi pia sitawaambia. Inauawa na kitu kimoja tu, nacho ni upendo wako. Maji kila siku, inaoza. Mimi naipa mara moja kwa wiki mbili, Julai hata mara moja kwa mwezi.

Kwa ukanda wangu, sansevieria ndiyo hosta. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kusema tangu mwanzo. Ile kazi hosta inafanya kwao, ya kukaa kivulini na kushikilia kona nzima kwa majani, hii inafanya hapa. Kwa hivyo swali la kuuliza Kitengela ni nini kikae kando ya sansevieria.

Kando yake, mahali pakavu kabisa karibu na mizizi ya mwarobaini, nimeweka sansevieria nyingine fupi zinazotambaa. Usicheke, urefu tofauti unatosha kufanya pionekane pamepangwa. Mbele, pale jua la saa sita linapogusa, kalanchoe, ile yenye majani mazito na maua ya chungwa. Na ile spaida ya majani membamba yenye mistari inayotoa vitoto vinavyoning'inia. Hapo naomba tusielewane vibaya: ukienda soko la Kitengela ukamwambia mama mboga unataka spaida, atakupa saget, mgagani, na utakula vizuri sana jioni hiyo, lakini haitaning'inia popote.

Na kuhusu hiyo spaida kuna jambo la maana ambalo sijaona mtu akiwaambia watu wa huku. Mnalalamika ncha za majani zinakuwa kahawia. Mnadhani ni kiu, mnaongeza maji, zinazidi. Angalia meno ya watu waliokulia maeneo haya. Yale madoa ya kahawia ni floridi, iko kwa maji ya visima vyetu vingi. Spaida na draseina nyingi hazivumilii floridi, wanaikusanya kwenye ncha za majani na ncha zinaungua. Kwa hivyo maji ya bomba la ploti, ya chumvi, yale yanayoacha ukungu mweupe kwa chungu, usipe spaida. Ipe ya mvua. Weka ndoo chini ya mabati mwezi wa Aprili na wa Novemba, funga vizuri mbu wasizalie, itakufikisha mbali. Yangu mimi hunywa ya mvua pekee, kama mtoto wa tajiri.

Impashensi ziko upande mwingine kabisa, karibu na mlango, pamoja na begonia moja, ndio wanywaji wote wakae pamoja. Hii ndiyo sheria pekee ninayofuata, na nadhani ndiyo hata wale wa hosta wanafuata bila kuisema: usimweke mlevi wa maji kando ya mtu anayefunga. Mmoja atakufa na hutajua ni yupi alikosewa. Rangi utapanga baadaye.

Kuna watu watauliza koleusi, ile ya majani ya zambarau. Iko sawa, nayo inywe na impashensi. Lakini ujue ina ndugu, maigoya, ile ya ua wa shosho kule Kiambu na Murang'a, majani laini yenye manyoya ambayo wazazi wetu walitumia chooni kabla ya karatasi na shosho akatumia kuivishia ndizi. Nimeona ndugu zake wakipandwa kwa vyungu vya bei Karen. Sina la kuongeza.

Mishubiri sikuchukua kwa Yeyo, ingawa ilikuwa mizuri na yeye alinikubalia. Mishubiri ya porini Kenya inalindwa, rais alipiga marufuku kuivuna mwaka wa 1986, na biashara yake ya kimataifa pia inadhibitiwa kwa aina zote isipokuwa ile ya kawaida ya kupaka ngozi. Ukitaka mshubiri, nunua uliooteshwa kitaluni, na umuulize muuzaji ulitoka wapi. Akikwepa swali, wewe pia mkwepe.

Lakini kitu kilichonikaa rohoni ni hiki. Tulipokuwa tunarudi, tulipita ardhi ya jirani ya Yeyo, imeuzwa, imekatwa vipande vya hamsini kwa mia. Trakta lilikuwa kazini. Kitengela yenyewe ilikuwa hivi zamani, ilikuwa malisho ya pamoja, ikagawanywa miaka ya 1980, halafu EPZ ya Athi River ikaleta wafanyakazi, na leo tuko zaidi ya watu 150,000 kwa sensa ya 2019. Mimi ni mmoja wao, siwezi kuwalaumu watu kwa kuhitaji mahali pa kulala. Ila lile trakta lilikuwa linang'oa oldupai na ile miti midogo ya miiba yenye vifundo vyeusi, ambayo upepo ukipita inapiga mluzi. Ndani ya vile vifundo huishi chungu, na chungu hao hulinda mti dhidi ya wanaoula. Laikipia watafiti waliwahi kuweka ua kuzuia twiga na tembo wasifike kwa miti hiyo, na utafiti wao wa 2008 ulionyesha mti ukakosa sababu ya kuwalisha chungu wake, urafiki ukavunjika, na mti wenyewe ukadhoofika. Hiyo ni mimea na wadudu wamekubaliana kuishi pamoja kwenye udongo ule ule mweusi tunaolia nao. Trakta linamaliza kwa asubuhi moja. Halafu mwenye ploti akimaliza kujenga, ataweka ukuta, ataweka kabro, atabaki na kona ya kivuli, na ataenda barabarani kununua sansevieria mia nane.

Nilimwomba rafiki yangu aongee na mnunuzi. Alikuwa jamaa mpole, alishangaa tu. "Hizo takataka? Beba zote." Tulibeba magunia matatu. Mikono yangu iliumia wiki nzima, ncha zake hazina utani.

Kuzizidisha ni rahisi. Unakata jani vipande vya urefu wa kidole, unaviacha kivulini siku tatu au nne kidonda kikauke, unavipanda ukikumbuka upande gani ulikuwa chini. Ukivigeuza haviotei. Subira, inaweza kuchukua miezi. Na ukikata jani la ile ya dukani yenye ukingo wa njano, mtoto atatoka kijani kitupu, ukingo huo haurithiwi kwa jani. Ukitaka ubaki, gawa shina.

Mizima nimeiweka kwa mikebe ya rangi niliyookota kwa mijengo. Hadi sasa nimeuza thelathini na moja kwa bob 200, hapa ploti na kwa majirani. Hiyo ni 6,200, ikabaki 300 kufika kodi, na nikaomba wiki moja, nikapewa kwa macho makali. Mathe nilimpelekea mbili kwa matatu. Hajasema asante. Alinipigia tu kuuliza, "Hii kitu inanyweshwa lini?" nikamwambia baada ya wiki mbili, akasema, "Sasa hii ndiyo mmea," akakata.

Lile duka lilipata mtu mwingine. Nimeona vidio. Hosta ni nzuri kweli, taa yake iko sawa, na nyuma kuna ukuta ambao nadhani ni wa Syokimau. Sitasema ni nani, ni msee ninayemheshimu na najua kodi yake pia.

Jumamosi hii narudi Kajiado, trakta linaingia ploti ya pili. Kama uko Kitengela, Isinya au Kajiado mjini na uko na gunia, glovu nene na nguvu za mgongo, niandikie kabla ya Ijumaa jioni. Yeyo amesema atapika chai, ila anataka kujua ni watu wangapi juu ya maziwa.